Tereni ya Mama Kocha

Nilipaswa kuuacha mkono wangu juu ya goti. Ningefanya hivyo tu, bila hotuba na bila kugombana na mtu, tereni ya Mama Kocha, uwanja wake wa udongo, ingekuwa pale pale mpaka leo. Lakini niliuinua.

Nieleze kwa wasiojua kamati zetu za Butembo. Katika klabu yetu ya mpira hatukuwa na mazoea ya kuhesabu kura. Klabu ilijengwa na wafanyabiashara, na mfanyabiashara wa hapa hatoi saruji wala mabati kwa jambo ambalo mwenzake amelikataa mbele yake. Kwa hiyo jambo lilipita mikono yote ikiwa juu, ama halikupita. Mkono mmoja ukibaki chini, tulifunga kikao tukanywa chai, tukaonana siku nyingine. Mimi nilikuwa sekretere. Kanuni hiyo niliijua kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wageni.

Siku hiyo Prezidan wetu, mwenyekiti wa klabu, alitandaza mchoro mezani. Uwanja upanuliwe, jukwaa jipya lijengwe upande wa kilima, lifunikwe mabati, watu watazame mpira bila kunyeshewa. Kiwanja kilichohitajika kwa jukwaa hilo kilikuwa tereni ya udongo ambapo wasichana walicheza mpira wa mikono.

"Na batoto ya mikono je?" mmoja wetu aliuliza.

"Tutabajengea yabo kisha," Prezidan akajibu. "Tribune kwanza. Tribune italeta watu, watu bataleta franga, na franga italeta tereni ingine. Hata ya basket, hata ya voleyi. Lakini tribune kwanza."

Mikono ikapanda mmoja mmoja. Walikuwa wamekwisha kunipa usimamizi wa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo mashabiki wangebeba mawe na mchanga, na nilikuwa nimeshaanza kujiona nikielekeza watu kwa kidole. Wote wakaniangalia. Nikainua wangu. Sitasema nilidanganywa. Nilijua "kisha" ya Prezidan ilikuwa na umri gani. Kulikuwa na choo cha wanawake pale uwanjani kilichokuwa kikingojea "kisha" hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Mama Kocha, basi. Sitamtaja kwa jina, na sidhani wengi mjini wanalijua. Mchana alikuwa muuza samaki. Samaki wake walitoka Kyavinyonge, ziwani, wamekaushwa kwa chumvi, na harufu yao ilimtangulia popote alipokwenda. Jioni aliwafundisha wasichana mpira wa mikono, mchezo aliojifunza kwa masista akiwa shuleni, asiuache hata baada ya kuolewa na kufiwa. Alivaa suruali ya michezo, na juu yake kitenge, ili akiitwa kanisani au sokoni afunge tu kitenge vizuri na kwenda. Filimbi hakuwa nayo. Alisema filimbi ni ya polisi. Alipiga makofi, na makofi yake yalisikika mpaka kwenye duka langu la misumari na rangi, ng'ambo ya barabara.

Neno lake lilikuwa moja: "Tena." Msichana akikosa, "Tena." Akifunga vizuri, "Tena." Binti yangu Masika, aliyejiunga baadaye akawa mlinda lango, alirudi nyumbani jioni moja mikono imevimba, akaniambia, "Papa, leo nilishika yote. Mama Kocha aliniangalia, nikafikiri atanisifu. Akasema tena."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilirudia mu goli. Ningesema nini?"

Timu za Beni ziliwaita "Basamaki" kwa sababu ya harufu ya kocha wao. Wasichana waliona haya. Yeye aliposikia mara ya kwanza, katika mchezo wa huko Beni, aligeukia mashabiki waliokuwa wakicheka, akawaambia kwa upole kabisa, "Muko na haki. Tunateleza. Mutushike basi." Siku hiyo hawakushikika. Tangu hapo wasichana walipaka picha ya samaki kwenye mipira yao, na rangi hiyo, kwa kuwa lazima niseme ukweli, waliichukua dukani kwangu bila kuniomba. Nilipomlalamikia alinijibu, "Papa Sekretere, batoto bako bako na rangi mu mikono. Unataka bainawe?" Kisha siku ya pili alinitumia samaki mzima, mkubwa, amefungwa katika jani. Wizi kwa ajili yake mwenyewe hangeufanya hata akifa njaa. Wizi kwa ajili ya timu aliuona kama aina ya sala.

Mpira wa miguu aliudharau waziwazi. "Watu wazima bote bale," alisema, "banakimbilia kitu moja, na mikono yabo iko bure. Mungu aliipatia bo juu ya nini?" Hata hivyo, klabu yetu ilipocheza ugenini, ukipita kwenye meza yake ya samaki ungemkuta ameinama, redio ndogo iko chini ya kitenge, na mteja anangojea. Tukifungwa, bei ya samaki ilipanda. Nilimkamata hivyo mara nyingi. Alikana kila mara.

Na padri naye alikuwa na kesi naye. Mama Kocha hakukosa misa, lakini alichelewa kila Jumapili, yeye ambaye msichana akichelewa mazoezini alimzungusha uwanja mpaka alie. Padri akamuuliza mbele ya watu kwa nini Mungu anamngojea hivyo. "Mungu hana mechi leo," alijibu. "Miye niko nayo." Alipewa kitubio. Alikifanya chote, halafu Jumapili iliyofuata akachelewa tena.

Safari zao za Beni walizifanya katika lori la Hadji, msafirishaji wa Beni ambaye alipakia maharagi Musienene, mji wa jirani yetu, na kuyashusha huko. Hadji alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na mwanzoni hakupenda wasichana wenye kaptura juu ya magunia yake. Mama Kocha alimwambia, "Hadji, hapana kuangalia nyuma. Dereva anaangaliaka mbele." Alicheka, akakubali, na baadaye yeye ndiye aliyewashonea kifuniko cha turubai wasilowe. Mara ya kwanza walipocheza kwenye tereni ya sementi, huko Beni, wasichana wetu waliozoea udongo walianguka wakachunika magoti wote, wakafungwa vibaya sana. Wakati wa kurudi, walilia juu ya maharagi. Mama Kocha hakuwabembeleza. Juma lililofuata aliwapeleka sokoni Musienene asubuhi, kabla wauzaji hawajatandika, wakafanya mazoezi kwenye sakafu ya sementi ya soko mpaka magoti yakazoea. Wauzaji wa viazi waliwakuta, wakaanza kwa kutukana, wakamaliza kwa kushangilia.

Ninachokikumbuka zaidi ni wakati wa Ebola. Ilikuwa imeanza upande wa Mabalako, ikafika Beni, ikafika kwetu, na mazoea ya kupeana mkono yakafa mjini. Tuligusanisha viwiko. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye dawa. Michezo yote ilisimamishwa, na mchezo wa mikono kuliko yote, kwa sababu mpira mmoja unapita mikono ya kila mtu. Sisi wa mpira wa miguu tulifunga lango, tukaenda nyumbani. Yeye aliagiza kila msichana ajitengenezee mpira wake mwenyewe, wa matambara na maganda ya migomba, na auoshe mwenyewe. Aliwapanga mbali mbali mbele ya ukuta wa uwanja, kila mmoja na mpira wake, wakawa wanaupiga ukutani na kuudaka. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Makofi yake yalisikika dukani kwangu jioni zote, na sauti ya mipira ukutani kama watu wengi wanaopiga hodi. Masika alianza hapo, mbele ya ukuta, bila goli, bila mshambuliaji. Mechi hazikuwako. Nilimwona akiruka peke yake, nikajiambia nitamtazama vizuri mechi zikirudi.

Ugonjwa uliisha. Watu wakarudi kupeana mikono kwa furaha, hata mara mbili mbili. Mechi za wasichana zilikuwa hazijaanza bado, Prezidan alipotandaza mchoro wake.

Siku iliyofuata kikao, Mama Kocha aliingia dukani. Nilikuwa nikipima misumari.

"Papa Sekretere," alisema, "banasema mikono yote ilipanda."

"Njo vile, Mama."

"Na yako?"

"Na yangu."

"Ulijua moja ikibakia chini, haipite."

"Nilijua."

Aliangalia makopo ya rangi. Hakupaza sauti. "Walisema bataleta tereni ingine?"

"Kisha."

"Kisha," alirudia, kama mtu anayeonja chakula asichokiamini. Nilimnyooshea mkono wa kuagana. Yeye alinipa kiwiko.

Kuanzia siku hiyo alinisalimia kwa kiwiko. Mji mzima ulikuwa umesahau, watoto walikuwa hawakumbuki tena kwa nini tulifanya vile, lakini mimi, kila tulipokutana, barabarani, msibani, kwenye mlango wa kanisa, alinigusa kwa kiwiko, kwa adabu yote, akaniuliza hali ya nyumbani. Watu walidhani ni utani wa zamani kati yetu.

Nyumbani, Masika aliniwekea chakula mezani, akasubiri nimalize. Ndipo aliposema, "Papa, hapana kukuya kuniangalia. Ule mukono ulipandisha, ukae nao ku tribune."

Nilimjibu kwa ukali. Baba gani huambiwa hivyo na mtoto wake? Nilijiambia ataniita mwenyewe siku moja, na mpaka aniite siendi. Huo ulikuwa ujinga wa pili, na huo hakuna kamati iliyoushiriki.

Salongo ilianza. Niliielekeza kwa kidole, kama nilivyotaka. Mashabiki walibeba mawe na mchanga wakiimba, na majembe yalikata ile tereni mpaka kilima kikawa ngazi. Mama Kocha hakuja kutazama. Alikuwa amewahamishia wasichana Musienene, kwanza kwenye sakafu ile ile ya soko, siku zisizo za soko, kisha kwenye shamba la mawe mawe nyuma ya mikaratusi, ambalo mwenye nalo aliwaachia kwa sababu maharagi yalikataa kuota humo. Waliondoa mawe wenyewe. Mistari waliichora kwa majivu ya tanuri la mikate, na mvua ilipoyafuta, waliichora upya. "Tena," nadhani alisema.

Jumamosi za mechi nilisikia honi ya lori la Hadji ikiita wasichana, nikavuta mlango wa duka. Mara moja tu nilishindwa kujizuia. Nilipanda pikipiki mpaka Musienene, nikatembea hadi kwenye mikaratusi. Kutoka pale unaona migongo ya watu tu. Nilisikia ukimya, halafu kelele kubwa sana ya furaha. Sikujua ni kwa ajili ya nani. Nikakumbuka neno la binti yangu, nikageuka.

Jukwaa likakamilika, zuri, la mabati ya buluu. Likazinduliwa kwa ngoma. Lakini barabara ziliharibika, si kwa matope tu bali na kwa bunduki, wasomaji wa huku wananielewa, na timu nyingi zikaacha kuja. Jukwaa lilikaa na watazamaji wachache, na siku za kawaida lilikuwa mahali pa kukausha mihogo. Ndipo Prezidan alipopata wazo jipya. Klabu isitegemee mpira wa miguu peke yake. Iingize fedha katika michezo mingine. Basket, riadha, na mpira wa mikono. Tena hasa mpira wa mikono, kwa sababu Basamaki walikuwa wamekuwa na jina kuliko sisi.

"Babebe jina ya klabu," Prezidan alisema kikaoni, "na rangi yetu. Tunabapatia tereni mbele ya tribune, pale bachezaji banapashaka mwili moto. Saruji iko."

"Baliulizwa?" nikasema.

"Tutabauliza kisha."

Mikono ikapanda. Wangu ulikaa juu ya goti. Nilihisi uzito wake kama ni jiwe la salongo. Prezidan alisubiri, akatabasamu, akafikiri sikusikia.

"Sekretere, tunakungojea."

"Muningojee," nilisema. "Saruji iende Musienene, kwenye tereni yabo, na jina libakie yabo. Pale mukono yangu itapanda."

"Klabu ijenge inje ya uwanja wake? Mzee, uko mgonjwa?"

"Niko mzima. Tulikula tereni yabo. Turudishe."

Tulifunga kikao tukanywa chai. Kikao kilichofuata, mkono wangu ukabaki tena juu ya goti. Wengine walinitembelea dukani, wakanikumbusha urafiki wetu, wakanikumbusha harusi walizonichangia. Mmoja aliniita kizuizi barabarani. Nikamwambia ndiyo, mimi ni kizuizi, apite mlango wa nyuma kama upo. Mlango wa nyuma haukuwapo. Kanuni ilikuwa ileile ya waasisi wa klabu, na safari hii nilikuwa nimeishika vizuri. Mipango ya basket ilisimama, ya riadha ilisimama. Mwishowe Prezidan mwenyewe, ambaye si mtu mbaya, alikuja akakaa juu ya kopo la rangi. "Uliutoa wapi ugumu huu uzeeni?" aliniuliza. Nikamwambia nimeuchelewesha. Alicheka, akatoa saruji. Mikono yote ikapanda, na wangu ukiwa wa kwanza.

Mimi sikuelekeza salongo ya Musienene. Nilibeba mchanga. Mama Kocha alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya tereni, nyonga zimemchosha, kitenge kimefungwa juu ya suruali ile ile. Samaki wake sasa wanauzwa na wengine, lakini harufu haijamwacha. Alinitazama nikimwaga ndoo, nikasimama kupumua.

"Tena," alisema.

Nikaenda tena. Jioni, sementi ikiwa imesawazishwa na wasichana wanaimwagia maji, aliniita. Nilitanguliza kiwiko, kama kawaida yetu. Alikiangalia, akatikisa kichwa.

"Toa mukono, Papa."

"Uko na sementi."

"Yangu pia iko nayo." Akanishika, kwa nguvu za mtu aliyedaka mipira maisha yake yote, na hakuniachia mapema. "Wasingya," alisema, shukrani ya Kinande, ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake kwa mtu yeyote wa klabu.

Mlangoni mwa goli alisimama msichana nisiyemjua, mdogo, akijaribu kuruka juu ya mchanga uliobaki. Nilimuuliza Mama Kocha jambo ambalo sikuweza kumuuliza binti yangu. Masika aliumia goti kabla ya saruji kufika, akaacha mchezo. Ameolewa Beni, ananipigia simu, tumekwisha kusameheana. Lakini mambo ya mpira hatuyagusi.

"Masika alichezaka namna gani?"

"Ile siku ulifika ku mikaratusi," alisema, "sisi tulikuona katikati ya vichwa ya batu. Masika alikuona. Ilikuwa penalti ya mwisho. Nilimuambia, papa yako iko kule, nimuite? Akasema, muache, atakuya. Akaishika kwa mukono moja, huku chini, kwa kushoto. Batu balilia. Yeye aliangalia ku mikaratusi. Ulikuwa umegeuka."

Wasichana walikuwa bado wanamwaga maji.

Ukumbi wa klabu ungali na picha yangu nikielekeza watu kujenga jukwaa. Tereni ya Musienene imekauka, ngumu, nzuri, na itadumu kuliko mimi na Mama Kocha. Mkono wa pili umerudisha kilichoweza kurudishwa. Wa kwanza ulinigharimu hiki: binti yangu alicheza mchezo wake wote, toka mwanzo hadi goti lilipovunjika, na mimi baba yake sikumwona akidaka mpira katika mechi hata mara moja.